MAANA YA NENO IMANI NA MATUMIZI YAKE KATIKA MAISHA YETU

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, Ambaye miongoni mwa majina Yake matukufu ni Al-Muumin, Mwenye kuwapa waja Wake amani. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyejulikana kwa jina la Al-Amin kabla hajaletewa wahyi, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake na kila mwenye kufuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, baba zetu na mama zetu, tulipokuwa tukizifasiri darsa za kijitabu hiki kutoka lugha ya Kiarabu kwa ajili ya jamaa zetu wasemao Kiswahili hapa Dubai na katika nchi nyengine za Ghuba, tulikutana na maneno mengi yaliyotutaabisha. Neno moja halikututaabisha hata kidogo, nalo ni neno imani. Kwa Kiarabu ni imani na kwa Kiswahili ni imani. Basi tukalihamisha kama lilivyo, tukaendelea mbele. Baadaye ndipo tulipotanabahi kwamba neno lile tulilolivuka kwa wepesi ndilo lililohitaji kufasiriwa kuliko yote. Kwani neno geni mtu huuliza maana yake, lakini neno alilolizoea hulisema asubuhi na jioni wala asiulize. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kuliandikia neno hili mlango wake peke yake, tukaeleza maana yake katika lugha, kisha katika sheria, kisha katika vinywa vya watu, na mwisho tuone linatudai nini majumbani mwetu na sokoni.

MAANA YA IMANI KATIKA LUGHA

Fahamu, ewe ndugu yangu, Mwenyezi Mungu akurehemu, kwamba neno imani asili yake katika Kiarabu ni herufi tatu: hamza, mim na nun. Maneno yanayotokana na herufi hizi yana ndani yake maana ya utulivu wa nafsi na kuondokewa na khofu. Kutokana nazo limepatikana neno amani, yaani hali ya kutokuwa na khofu. Na neno amana, yaani kitu anachokiweka mtu kwa mwenziwe na moyo wake ukatulia. Na neno amini, yaani mtu ambaye wenziwe hawana wasiwasi kumkabidhi vitu vyao. Na neno imani ni ndugu wa tumbo moja na maneno hayo.

Wanazuoni wa lugha wamelipa tendo hili maana mbili. Maana ya kwanza ni kusadiki, yaani kuyakubali maneno ya mwenye kusema kuwa ni ya kweli. Maana hii tunaikuta katika kisa cha Nabii Yusuf (A.S.). Ndugu zake waliporejea usiku kwa baba yao huku wakilia, na kanzu mikononi mwao ina damu ya uongo, walimwambia kwamba yeye hatawaamini hata kama wao wangekuwa wakweli. Neno walilolitumia ni neno la imani. Lakini tutazame vizuri: kwa nini baba yao hakuwaamini? Kabla ya hapo wao wenyewe ndio waliomlalamikia kwamba hawaamini juu ya Yusuf, wakamtaka awakabidhi mtoto. Wakakabidhiwa, kisha wakaikhini amana. Na baada ya miaka mingi, walipotaka kumchukua ndugu wa pili, Nabii Yaakub (A.S.) aliwauliza kama awaamini juu ya huyu kama alivyowaamini juu ya yule wa kwanza. Katika kisa hiki kimoja, kumwamini mtu kwa maneno yake na kumwamini kwa amana aliyopewa ni mambo mawili yasiyoachana: amana ilipopotea, na kauli nayo ilipoteza thamani yake.

Maana ya pili ni kumpa mwengine amani, yaani kumwondolea khofu. Katika Suratu Quraysh, Mwenyezi Mungu Mtukufu anawakumbusha watu wa Makka kwamba Yeye ndiye aliyewalisha wakaondokewa na njaa, na akawapa amani wakaondokewa na khofu. Na hapa pia ni tendo hilo hilo ambalo imani imetokana nalo. Sisi tulioko Ghuba hatuna haja ya kufafanuliwa sana sura hii. Wazee wetu wengi waliondoka Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na wapo waliofika Dubai mikono mitupu, wakati ambapo mji huu ulikuwa haujaanza kusafirisha mafuta, jambo lililokuja mwaka 1969. Wengine walikaa hapa, na wengine wakaendelea Oman baada ya mwaka 1970. Waliotangulia waliwapokea waliofuata, wakawapa mahali pa kulala na chakula cha jioni. Wazee hao wanajua nini maana ya kulishwa baada ya njaa na kupewa amani baada ya khofu.

Basi muumini katika lugha ni mtu mwenye mambo mawili: yeye ameisadiki haki, na watu nao wamepata amani kwake. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha maana zote mbili. Ametufundisha kwamba hana imani mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake, na kwamba hana imani mtu asiyekuwa na amana. Hayo ni makemeo mazito, wala hayakuelekezwa kwa washirikina. Yameelekezwa kwa watu wanaotamka shahada.

Lugha yetu ya Kiswahili, ambayo ililelewa pwani pamoja na Uislamu, imeuchukua ukoo wote huu wa maneno. Twasema amani na amana. Twasema kuamini, kuaminiana na kuaminika. Mtu anayetunza ahadi twamwita mwaminifu. Na anayesafiri twamuaga kwa kumwambia fi amani llahi, yaani tumemweka katika hifadhi ya Mwenyezi Mungu. Sheikh Abdalla Saleh Farsy alipoifasiri Qurani kwa Kiswahili, na Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani alipoifasiri baada yake, wote wawili walilichagua neno kuamini kwa ajili ya tendo hili, kwani hawakuhitaji kutafuta jengine.

Lakini yapo matumizi ya neno hili yaliyolidhoofisha, na yatupasa kujihadhari nayo. Mtu husema: naamini duka limekwisha fungwa; naamini kesho kutakuwa na joto. Muradi wake ni kwamba anadhani tu. Akikuta duka li wazi, hapotezi kitu wala habadilishi chochote katika maisha yake. Tena watoto wetu wengi wanasoma kwa Kiingereza, na katika lugha hiyo neno moja hutumika kwa dhana ya duka na kwa dini ya mtu. Mtoto akikua nalo, huenda akafikiri kwamba imani ni rai aliyonayo mtu kichwani mwake, kama rai yake juu ya hali ya hewa. Sivyo. Dhana ni kitu unachokibeba wewe. Imani ni kitu kinachokubeba, kikakupeleka mahali ambapo nafsi yako isingependa kwenda.

MAANA YA IMANI KATIKA SHERIA

Katika hadithi mashuhuri ya Jibril (A.S.), Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya imani alitaja kumuamini Mwenyezi Mungu, Malaika Wake, Vitabu Vyake, Mitume Wake, Siku ya Mwisho, na Kadari, kheri yake na shari yake. Hayo ndiyo mambo ambayo moyo unapaswa kuyasadiki, na mwenye kulikanusha moja katika hayo hana dini.

Lakini je, imani huishia hapo? Hapa ndipo wanazuoni wetu wa madhehebu ya Ibadhi waliposimama kwa uthabiti. Wao wamesema kwamba imani iliyo kamili, ambayo kwayo mtu husalimika kesho Akhera, ni mambo matatu kwa pamoja: itikadi ya moyoni, kauli ya ulimini, na amali ya viungo. Anayeamini moyoni na kutamka kwa ulimi, kisha akaiacha faradhi au akashikilia dhambi kubwa bila ya kutubu, huyo hakuitimiza imani yake, hata akiwa na elimu nyingi kiasi gani.

Dalili za jambo hili katika Qurani ni nyingi. Kibla kilipogeuzwa kutoka Baytul Maqdis kuelekea Makka, Waislamu waliingiwa na wasiwasi juu ya sala walizokwisha kuzisali kuelekea kibla cha mwanzo. Mwenyezi Mungu akawatuliza katika Suratul Baqara kwamba Yeye si Mwenye kuipoteza imani yao, na wafasiri wamesema kuwa muradi wa imani hapo ni sala zao. Basi Yeye Mwenyewe Subhanahu wa Taala ameiita amali kwa jina la imani. Na ukiifungua Suratul Muuminun utakuta waumini waliofaulu wakielezwa kwa sifa zao, na sifa hizo ni unyenyekevu katika sala, kuepukana na upuuzi, kutoa zaka, kuhifadhi tupu, na kuchunga amana na ahadi. Waumini wametambulishwa kwa wanayoyafanya.

Suala hili liliwagawa watu tangu karne ya kwanza ya Hijra. Upande mmoja walikuwako Murjia, waliosema kwamba amali si katika imani, na wengine wao wakafika hadi ya kusema kuwa maasi hayamdhuru mwenye imani. Upande wa pili walikuwako Azariqa, waliotoka Basra kiasi cha mwaka 64 wa Hijra, wakawahukumu Waislamu wenye kuwakhalifu kuwa ni washirikina, na wakahalalisha damu zao na mali zao. Watu wetu hawakwenda huku wala huku. Imamu Jabir bin Zaid, aliyekuwa mwenyeji wa Firq karibu na Nizwa, na Abdullah bin Ibadh, na Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima baada yao, walikataa kuitenga amali na imani, na wakakataa vilevile kumwita mshirikina mtu anayeelekea kibla. Walisema kwamba Muislamu mwenye kushikilia dhambi kubwa hayumo katika shirki, bali yumo katika kufuru ya neema: damu yake ni haramu, mali yake ni haramu, tunaoana naye na tunarithiana naye, lakini hatumdanganyi kwamba yu salama. Na Sheikh Ahmed bin Hamad Al-Khalili, aliyezaliwa Unguja mwaka 1942 na akateuliwa kuwa Mufti wa Oman mwaka 1975, ameifafanua kwa urefu katika kitabu chake Al-Haqqu d-Damigh itikadi yetu juu ya mwenye kufa akiwa ameshikilia madhambi makubwa.

Huenda msomaji akaona kuwa msemo huu wa kufuru ya neema ni mgeni. Si mgeni hata kidogo, bali kila nyumba ya Kiswahili inao. Mtoto akikisukuma chakula kwa dharau na kusema hakitaki, bibi yake humkemea kwa kumwambia: usikufuru! Je, bibi huyo amemtoa mjukuu wake katika Uislamu? Hasha. Amemwambia kwamba ameifunika neema aliyopewa, akaifanya kama kwamba haipo. Na asili ya neno kufuru katika Kiarabu ni kufunika, hata mkulima aifunikaye mbegu kwa udongo huitwa kwa jina hilo. Basi mtu aliyepewa neema ya kuijua haki, kisha akaifunika kwa matendo yake, ameikufuru neema hiyo. Bibi zetu walikuwa wakitufundisha itikadi hii mbele ya sinia la chakula, nasi tukidhani wanatugombeza tu.

IMANI KATIKA VINYWA VYA WATU

Sasa natuyatazame matumizi ambayo Kiswahili kimeyazidisha. Mswahili akisema fulani ni mtu mwenye imani, mara nyingi hakusudii kwamba mtu huyo anazijua nguzo sita. Anakusudia kwamba ni mpole, ana huruma, hawezi kumwona mwenziwe katika dhiki akapita. Na akisema alimwonea imani, maana yake ni kwamba alimhurumia. Na akisema fulani hana imani, basi anasema kwamba moyo wa mtu huyo umekuwa mgumu.

Wapo wanaodhani kwamba hayo ni makosa ya watu wasiosoma, waliolichukua neno la dini wakalipeleka pasipokuwa pake. Nami nilikuwa miongoni mwa wanaodhani hivyo. Na hapa sina budi kutaja jambo linalonihusu mwenyewe, ijapokuwa kulitaja ni uzito, kwani haifai niwaandikie wengine juu ya imani hali ya kuwa naificha aibu yangu.

Tulikuwa na mtumishi wa nyumbani, binti kutoka pwani ya Kenya, Muislamu, msemaji wa Kiswahili kama sisi. Alipotaka mshahara wake nilimwambia kwamba fedha zake zipo, na kwamba namwekea ili asije akazitawanya. Paspoti yake ilikuwa kabatini mwangu pamoja na za watoto wangu, nami nikiona hiyo ni hadhari ya mwenye nyumba. Ikapita miezi mitatu. Katika siku hizo hizo nilikuwa nikikaa kila usiku kuzifasiri darsa hizi. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha nilipita karibu na mlango wa jiko, nikamsikia akizungumza na mama yake kwa simu. Nikafahamu kutokana na maneno yake kwamba mama ni mgonjwa, na kwamba dawa zimekatizwa kwa kukosa fedha. Kisha akasema: “Mama, baba wa nyumba hii ni mtu wa sala na vitabu, lakini hana imani.”

Kwanza nilighadhibika. Nikaiambia nafsi yangu kwamba binti huyu hajui maana ya imani. Imani ni jambo baina ya mja na Mola wake, yeye ataijuaje yangu? Nikarejea mezani. Na pale mezani palikuwa na karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe, inayosema kwamba hana imani mtu asiyekuwa na amana. Mshahara wa miezi mitatu ulikuwa amana. Paspoti ile ilikuwa amana. Mama mgonjwa, aliyenikopesha mtoto wake avuke bahari kuja kuwapikia wanangu, alikuwa ameniwekea amana iliyo kubwa kuliko zote. Hapo ndipo nilipojua kwamba binti yule hakulitumia neno lile kwa makosa. Alikuwa amelitumia kwa maana yake ya lugha, na kwa maana yake ya sheria, na kwa maana yake ya Kiswahili, zote kwa pamoja, nami mfasiri ndiye niliyekuwa sijalifahamu.

Asubuhi yake nilimpa haki yake yote, nikamkabidhi paspoti yake, na nikamtaka radhi. Hakusema mengi. Alizihesabu fedha mbele yangu, na kuzihesabu kulikuwa ni haki yake. Fedha zilifika Kenya wiki ile ile, lakini miezi mitatu ya ugonjwa wa mama hapana awezaye kuirudisha, nami nitakwenda kuulizwa juu yake.

IMANI INATUDAI NINI

Ndugu zangu, mtu akinasihiwa hujibu upesi: imani iko moyoni, na Mwenyezi Mungu anaujua moyo wangu. Ni kweli kwamba Mwenyezi Mungu anaujua moyo wake, na hilo ndilo jambo ambalo lingepaswa kumtia khofu badala ya kumtuliza. Basi tuitafute imani yetu mahali ambapo Qurani na Sunna zimetuonesha kuwa hupatikana, napo ni kwa watu walio chini ya mikono yetu.

Kwanza, tuitafute jikoni. Mtume (S.A.W.) ameamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa khasimu wa mtu aliyemwajiri mwenziwe, akaichukua kazi yake yote, kisha asimpe ujira wake. Ni nani miongoni mwetu anayeweza kusimama katika kesi hiyo? Nayo serikali ya nchi hii imeweka sheria juu ya watumishi wa nyumbani mwaka 2017, kisha ikaweka nyengine mahali pake, Amri ya Sheria ya Muungano nambari 9 ya mwaka 2022. Sheria hizo zimewapa watumishi siku moja ya mapumziko kila wiki, na mapumziko ya saa 12 katika kila siku, zikiwemo saa 8 mfululizo, na haki ya kukaa na hati zao wenyewe. Ni fedheha kwetu ikiwa mtu atamwogopa mkaguzi wa serikali katika mambo ambayo Mola wake alikwisha kumwamrisha miaka 1400 iliyopita.

Pili, tuitafute sokoni. Kila siku wafanyabiashara kutoka Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar na Kampala wanashuka Dubai kununua nguo, simu na vipuri vya magari. Wakifika Deira hutafuta mtu anayejua Kiswahili awaongoze, wakamwamini kwa sababu ya lugha na dini. Baadhi yetu huwapeleka kwenye duka ambalo limetuahidi fungu kwa siri, kisha huapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hapana bei nafuu kuliko ile. Tunamwambia mgeni: niamini! Neno tunalolitumia kumpokonya mali yake ni neno lile lile tunalotaraji kuingia nalo Peponi. Ikiwa mtu anataka ujira kwa kazi ya kumwongoza mgeni, autaje waziwazi, nao utakuwa halali yake.

Na atakaye mfano mwema hana haja ya kwenda mbali. Naasimame kando ya hori la Dubai upande wa Deira, mahali ambapo majahazi yamezoea kufunga. Bidhaa hupangwa juu ya gati, nje, hadharani, majokofu na mifuko ya mchele na matairi, zikisubiri kupakiwa, na watu hupita kando yake usiku na mchana. Huo ni urithi wa bahari. Zamani majahazi ya Ghuba yalipokwenda Lamu, Mombasa na Unguja kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi, nahodha alikabidhiwa fedha na barua na bidhaa za watu wengi, na miezi kadhaa ikapita kabla mwenye mali hajajua lililotokea. Biashara ile yote ilisimama juu ya neno amana. Na leo mtu anayepewa mzigo wa jamaa aufikishe nyumbani, au fedha za ndugu azikabidhi kwa mjane Pemba, anashika kazi ya nahodha yule.

Tatu, tuitafute kwa watu tusiokubaliana nao. Usiku alipohama Makka, mwaka 622, Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa anatafutwa na Makureshi wamuue, na nyumbani kwake mlikuwa na amana za Makureshi hao hao. Walikuwa wakimkadhibisha kwa maneno yake, na huku hawaoni mtu mwengine wa kumwekea mali zao. Naye hakusema kwamba hao ni maadui wa Mwenyezi Mungu na mali zao ni ngawira. Alimwacha Ali bin Abi Talib (R.A.) nyuma, katika hatari ile, amrudishie kila mwenye amana amana yake. Basi tusiseme kwamba huyu si wa dini yetu, au si wa madhehebu yetu, au si wa kabila letu. Amana haiulizi mwenyewe ni nani.

Nne, tuitafute kwa watoto wetu. Mtoto hufundishwa nguzo za imani akazihifadhi kwa siku chache. Lakini maana ya imani huifahamu kwa kumtazama baba yake anavyozungumza na dereva, na mama yake anavyomwita mtumishi. Tukimfundisha kwa ulimi na tukamfunulia kinyume chake kwa matendo, atakuwa amejifunza kwamba dini ni maneno, na hilo ndilo litakalobaki naye baada ya sisi kufa. Tena tuwahifadhie watoto lugha yetu. Mtoto anayejua kwamba amani, amana, uaminifu na imani ni maneno ya ukoo mmoja, amekwisha kupata darsa kubwa kabla hajafungua kitabu.

HITIMISHO

Yaliyo katika mlango huu kwa ufupi ni haya. Imani si dhana ya kichwani, wala si siri ya moyoni isiyokuwa na alama. Ni kusadiki kunakozaa kauli na amali, na alama yake iliyo dhahiri ni kwamba watu wapate amani kwako. Suratul Maun imemtambulisha mwenye kuikadhibisha dini kuwa ni yule anayemsukuma yatima na asiyehimiza kulishwa maskini. Kisha ikawatishia wenye kusali ambao wanaghafilika na sala zao, wanajionesha kwa watu, na wanazuia msaada mdogo wa kila siku. Basi usiku wa leo, kabla hujalala, kila mmoja wetu ajiulize: ni nani aliye chini ya mkono wangu, na akizungumza na mama yake anasema nini juu yangu?

Ikiwa jibu linatisha, mlango wa toba haujafungwa. Lakini toba ya haki ya mtu ni kumrudishia haki yake. Istighfari peke yake haitoshi hali ya kuwa fedha zingali kabatini.

Ewe Mola wetu, Wewe ndiye Al-Muumin, Mwenye kutoa amani. Tulishe na utuondolee khofu kama ulivyowalisha wazee wetu na kuwaondolea khofu walipofika pwani hizi. Zipambe nyoyo zetu kwa imani iliyo ya kweli, na usizifanye ndimi zetu kuwa ushahidi juu yetu. Utuwezeshe kuzirejesha amana kwa wenyewe kabla hatujarejea Kwako. Uwahifadhi walio mbali na watoto wao kwa ajili ya kutafuta riziki, na uwaponye mama zao. Na uwarehemu waliotutangulia, waliotufundisha neno hili tukiwa wadogo, tukalisema muda mrefu kabla hatujalifahamu.

Wa billahi t-tawfiq. Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.